Kumjali Mgonjwa ni Sehemu ya Tiba: Ushauri kwa Wauguzi wa Kyela na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Barua ya kupangiwa kituo ikitaja Kyela, muuguzi kijana aliyesomea Mwanza, Moshi au Tanga huwa na maswali yake tayari. Joto la huko likoje? Mbu ni wengi kiasi gani? Chumba cha kupanga kinapatikana kwa shilingi ngapi? Ni maswali ya haki kwa mtu anayehamia bonde la joto na mvua nyingi. Lakini lipo swali jingine litakaloamua zaidi jinsi atakavyofanya kazi huko: nitajengaje uhusiano mwema na watu wanaokuja kwangu wakiwa na maumivu, hofu na aibu, nami siwajui wala wao hawanijui?

Makala haya ni ya muuguzi huyo. Ni pia ya mkunga wa zahanati kule Ngonga au Mwaya, ya muuguzi wa wodi katika Hospitali ya Wilaya ya Kyela, ya mwenzake wa Hospitali ya Matema inayoendeshwa na Dayosisi ya Konde ya KKKT, na ya kila kiongozi wa wodi anayepanga zamu. Ninachotaka kukisema ni kimoja: kumjali mgonjwa si hulka ambayo mtu huzaliwa nayo au huikosa. Ni sehemu ya kazi, sawa na kupima presha na kutunza kidonda. Ina hatua zake, hufundishika, huhitaji mazoezi, na ikipuuzwa mgonjwa hudhurika.

Kwa nini jambo hili si la hiari

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba uzazi 81 kati ya kila 100 hufanyika katika vituo vya kutolea huduma za afya, kutoka 63 katika utafiti wa 2015-16. Katika kipindi hicho makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni hatua kubwa, na wauguzi na wakunga wameibeba kwa mikono yao. Maana yake ni kwamba wanawake wameitikia wito wa kuja. Sasa kinachowakuta wakishafika ndicho kitakachowarudisha au kuwakimbiza.

Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara waliwauliza wanawake walivyotendewa walipojifungua. Walipoulizwa wakiwa wanaondoka kituoni, karibu mmoja kati ya watano alitaja jambo la kumvunjia heshima: kufokewa, kutishwa, kupigwa, kuachwa peke yake au kukosa faragha. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo walizidi robo. Muuguzi ajifunze hapo jambo kubwa: mgonjwa anayeondoka kimya, akikushukuru mlangoni, si lazima awe ameridhika. Huenda anaogopa tu kusema akiwa bado mikononi mwako. Akifika kijijini atasema yote, na jirani yake mwenye mimba ya miezi saba atakuwa anasikiliza.

Mwaka 1952 muuguzi Mmarekani, Hildegard Peplau, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ndio kiini cha uuguzi wenyewe. Hoja hiyo inaonekana kila siku wodini. Mgonjwa asiyekuamini hatakuambia kwamba aliacha vidonge wiki mbili zilizopita. Hatakuambia alichokunywa kabla ya kuja. Utampa matibabu sahihi kwa taarifa zisizo sahihi, na atakayeumia ni yeye.

Salamu kwanza, kazi baadaye

Katika nchi ya Wanyakyusa, kuanza kuzungumza na mtu mzima bila salamu ni kumdharau. Jifunze "mwagonile" na uitamke kwa mzee kabla hujashika mkono wake kupima presha. Jifunze pia "ndaga", neno la shukrani. Hata ukikosea matamshi, mzee atakusahihisha kwa furaha, na tayari mtakuwa mmeshazungumza kama watu wawili. Kama hujui Kinyakyusa kabisa, "shikamoo" yenye utulivu inatosha. Kisichotosha ni kufika kitandani ukiwa umeinamia faili na kuuliza, "Umeenda choo?"

Baada ya salamu, jitambulishe. Wagonjwa wengi hulazwa siku nne wakaondoka bila kujua jina la hata muuguzi mmoja. Kila aliyevaa sare kwao ni "sista" au "dokta", hata kama ni mhudumu wa usafi au mwanafunzi. Sema jina lako, sema wewe ni nani, na sema zamu yako inaisha saa ngapi. Maneno hayo machache yanampa mgonjwa mtu wa kumwita.

Kisha uliza jina lake na namna anavyopenda kuitwa. Mama mmoja atapenda kuitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, mzee mwingine kwa ukoo wake. Usimwite mtu kwa namba ya kitanda wala kwa ugonjwa wake. "Yule wa kisukari" si jina. Hapa heshima na usalama vinakwenda pamoja. Majina ya ukoo ya Kinyakyusa yanayoanza na "Mwa" yanajirudia sana, na wodi moja inaweza kuwa na akina Mwakalinga watatu kwa wakati mmoja. Kabla ya kutoa dawa au kuongeza damu, mwombe mgonjwa mwenyewe ataje majina yake matatu, nawe ulinganishe na faili. Usimtajie wewe jina ili yeye aitikie, kwa kuwa mgonjwa mwenye homa kali huitikia jina lolote.

Keti, kisha sikiliza

Wauguzi wengi wakisikia habari za kumjali mgonjwa hujibu kwa neno moja: muda. Wana haki. Muuguzi mmoja anapobaki na wodi nzima usiku, hakuna ushauri unaoweza kumwongezea saa. Lakini yapo mambo ambayo hayaongezi muda, yanabadilisha tu namna unavyoutumia.

Moja ni kuketi. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha ziara za daktari akiwa amesimama na akiwa ameketi kando ya kitanda. Alipoketi alitumia wastani wa dakika moja na sekunde nne, pungufu ya alivyotumia akiwa amesimama. Hata hivyo wagonjwa walikadiria kwamba aliketi nao kwa zaidi ya dakika tano. Wodi zetu hazina viti vya kutosha, basi vuta benchi la ndugu, au chuchumaa ili macho yenu yalingane. Dakika moja ya namna hiyo humfaa mgonjwa kuliko tano za kusimama mlangoni ukiwa na funguo mkononi.

Jingine ni kumwacha amalize. Watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha mwaka 1984 matokeo ya kuchunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakakuta mgonjwa hukatizwa baada ya wastani wa sekunde 18 tangu aanze kujieleza. Nasi wauguzi hufanya hivyohivyo. Mama anaanza, "Mtoto alianza kuchemka tangu Jumapili, nikampeleka kwa bibi yake..." nasi tumeshamkata: "Sasa mbona umechelewa kumleta?" Hapo amefunga mdomo, na habari ya kwa bibi, ambako huenda mtoto alinyweshwa kitu, imepotea.

Kuhusu dawa za kienyeji, uliza kwa namna inayomruhusu mtu kusema kweli. Ukiuliza "Hujampa miti shamba wewe?" jibu ni "hapana" hata kama ni uongo. Sema: "Watu wengi hujaribu dawa za nyumbani kabla ya kuja, nasi tunahitaji kujua ili dawa zetu zisigongane nazo. Ninyi mlijaribu nini?" Akikujibu, mshukuru. Usimgeuzie macho wala usimwite mwenzako aje kusikia. Kwa mjamzito aliye katika uchungu, swali hili linaweza kuokoa maisha, maana zipo dawa za mitishamba zinazotumiwa kuongeza uchungu, na mkunga asiyejua kwamba zimetumika atashindwa kuelewa kinachotokea mbele yake.

Lugha nayo ina uzito wake. Wodini Kyela utakuta Mnyakyusa wa Ipinda, Mndali aliyeshuka kutoka milimani, Mkisi aliyekuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe, na Mngonde aliyevuka Mto Songwe kutoka Malawi kupitia Kasumulu. Wote wanaweza kutikisa kichwa ukieleza kwa Kiswahili cha haraka. Usichukulie kutikisa kichwa kuwa ni kuelewa. Mwambie, "Nieleze kwa maneno yako jinsi utakavyomeza dawa hizi nyumbani, ili nijue kama nimeeleza vizuri." Ukihitaji mkalimani, mtafute mtumishi mwenzako. Usimtumie mtoto kutafsiri habari za uzazi za mama yake, wala jirani wa kitanda kutafsiri majibu ya vipimo.

Uliza amefikaje

Kyela ni tambarare iliyo chini ya milima, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote huipitia kwenda ziwani. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zikishuka, mito hufurika, mashamba ya mpunga hugeuka maji, na njia kutoka vijijini hukatika. Upande wa Matema, chini ya Milima ya Livingstone, wapo wanaotegemea mtumbwi au boti, na ziwa likichafuka hakuna anayethubutu kuondoka. Mgonjwa anayefika saa saba mchana na kuambiwa "kliniki ni asubuhi, njoo kesho" huenda alitoka nyumbani gizani.

Kwa hiyo badala ya "Mbona umechelewa?" uliza "Umefikaje hapa?" Swali hilo halimlaumu mtu, na jibu lake lina faida kwa tiba. Litakuambia kama ataweza kurudi baada ya siku tatu kubadilishiwa bandeji, kama kijijini kwake kuna zahanati inayoweza kuifanya kazi hiyo, na kama ni busara kumruhusu jioni hii akiwa na mtoto mchanga.

Panga tarehe ya kurudi pamoja naye. Wakati wa kuvuna mpunga, mkulima aliyeambiwa "rudi Jumatatu" bila kuulizwa atachagua shamba, kwa sababu shamba ndilo chakula cha mwaka. Mkizungumza atasema Alhamisi anaweza, na Alhamisi atakuja. Kuhusu gharama, sema mapema na sema wazi: kipi ni bure, kipi kinalipiwa, bima inagusa nini. Hakuna kinachovunja uaminifu haraka kama ndugu kushtukizwa na malipo siku ya kuruhusiwa.

Ndugu wa mgonjwa ni sehemu ya kazi yako

Hospitali zetu haziendeshwi na wauguzi peke yao. Nje ya wodi kuna shangazi anayepika ndizi, mdogo wa mgonjwa anayefua mashuka, kaka aliyelala barazani. Wapo wauguzi wanaowaona watu hawa kama kero ya kufukuzwa kila asubuhi. Nakusihi uwaone kama wenzako wa kazi ambao hawajafundishwa. Mfundishe mmoja wao jinsi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo. Mwonyeshe dalili mbili au tatu za kukuita mara moja. Mwambie waziwazi kipi asiguse, kama vile dripu na mpira wa mkojo. Chagueni msemaji mmoja wa familia, umpe maelezo yeye, naye atawaeleza wengine. Utapunguza kuulizwa swali lilelile mara kumi.

Lakini kabla hujampa ndugu kazi, jua yeye ni nani kwa mgonjwa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kwa kirefu kuhusu mwiko kati ya mkaza mwana na baba mkwe. Mke wa mwana hakutakiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, kumtazama wala kutaja jina lake. Mambo mengi yamebadilika tangu enzi hizo, lakini heshima ya mkwe bado ni jambo zito, hasa kwa wazee. Sasa fikiria muuguzi mgeni anamwambia binti aliyesimama pembeni, "Wewe, njoo umvue baba huyu nguo umwogeshe." Binti anasita, muuguzi anaona uvivu, anamfokea mbele ya wodi nzima. Mzee ameaibika, binti ameaibika, na familia haitamwamini tena muuguzi huyo.

Swali moja lingezuia yote hayo: "Wewe ni nani kwa mgonjwa, na kuna lolote ambalo si vizuri wewe kumfanyia?" Vilevile, binti akishindwa kutaja jina la mzee aliyemleta, usidhani hamjui. Omba kadi, au muulize mwingine.

Faragha, siri na mwili wenye aibu

Mkoa wa Mbeya, ilimo Kyela, ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya virusi vya UKIMWI nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta asilimia 9.6 ya watu wazima mkoani humo wana maambukizi, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Maana yake ni kwamba katika kila zamu utamhudumia mtu anayeishi na virusi, na mara nyingi jirani, mwalimu wa mwanawe au mwimbaji mwenzake wa kwaya atakuwa kitanda cha pili. Kyela ni mahali pa watu kujuana. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya mtu, lakini siri huvujishwa zaidi na mazoea kuliko kwa kusudi: faili lililoachwa wazi mezani, dawa zinazotajwa kwa sauti wakati wa kuzigawa, ripoti ya kukabidhiana zamu inayosomwa katikati ya wodi. Yaliyo ya siri katika ripoti yasemwe ofisini au kwenye korido tupu, na kando ya kitanda yasemwe yale tu ambayo mgonjwa hataona aibu jirani akiyasikia.

Faragha ya mwili ni hivyohivyo. Pazia likikosekana, khanga mbili na kamba zinatosha. Kabla ya kumfunua mtu, mwambie unachotaka kufanya na kwa nini, kisha subiri aitikie. Funua sehemu unayoihitaji tu, na umalizapo mfunike wewe mwenyewe, usimwachie.

Upo pia ugonjwa ambao unaupima moyo wa muuguzi kwa mikono yake. Kyela imesumbuliwa kwa miaka mingi na matende na mabusha, yanayosababishwa na minyoo wanaosambazwa na mbu. Mtu mwenye mguu uliovimba na ngozi iliyopasuka amezoea watu wakikunja nyuso. Matunzo yake ya kila siku ni rahisi: kuosha mguu kwa sabuni na maji safi, kukausha vizuri hadi katikati ya vidole, kutibu michubuko, kuuinua mguu anapopumzika na kuufanyisha mazoezi. Ukimwosha mguu huo mara ya kwanza kwa mikono yako, ukimweleza taratibu huku ukimtazama usoni, utakuwa umemfundisha matunzo na pia umemwambia kwamba mwili wake si wa kukimbiwa. Ataoshwa nyumbani kwa sababu wewe hukuona haya kumwosha.

Katika chumba cha kujifungulia

Hapa ndipo jina la hospitali hujengwa au hubomolewa. Mama aliye katika uchungu hasahau neno aliloambiwa, hata baada ya miaka 30. Yapo maneno ambayo wakunga wameyarithi wao kwa wao na yanapaswa kukoma leo, hasa yale ya kumkumbusha mama raha ya kupata mimba ili kumnyamazisha. Hayaongezi nguvu ya kusukuma. Yanamfanya aukaze mwili, afiche maumivu, na acheleweshe kukuita pale hatari inapoanza.

Badala yake mweleze hatua aliyofikia na kitakachofuata. Mruhusu atembee na anywe maji kama hali yake inaruhusu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua wa kuwa naye wakati wa kujifungua. Nafasi ikiruhusu faragha ya wengine, mruhusu mama yake au dada yake aingie. Akipiga kelele, usimshindanie kwa sauti. Mshike mkono, umhesabie pumzi. Na ukimaliza zamu kabla hajajifungua, mpeleke muuguzi anayekupokea hadi kitandani, mtambulishe kwa jina, ili mama asione kwamba ametelekezwa.

Ikibidi kumpeleka rufaa Hospitali ya Wazazi Meta jijini Mbeya, tumia dakika chache kwa familia hata kama gari linawaka. Waeleze kwa nini anakwenda, nani aende naye na wabebe nini. Wakumbushe kuchukua sweta na blanketi. Barabara inapanda kutoka joto la Kyela kupita Tukuyu hadi baridi ya Mbeya, umbali wa zaidi ya kilomita 100, na watu wengi hufika huko wakiwa na khanga tu, wakitetemeka katika mji wasioujua.

Habari mbaya

Kifo kikitokea, usiseme koridoni. Mtafute mkubwa wa familia, mpeleke pembeni, keti naye, sema kwa maneno ya wazi: "Amefariki." Maneno ya kuzungukazunguka humwachia mtu tumaini la uongo na kumwumiza mara mbili. Kisha nyamaza. Kilio kitatoka, na kwa desturi za hapa kilio cha msiba si cha kuzuiwa. Usiwaambie "nyamazeni mnasumbua wagonjwa". Waonyeshe mahali pa kulilia, uwasindikize. Waulize kama wanataka kumwona marehemu kabla hajapelekwa chumba cha maiti, na umwandae aonekane kwa heshima.

Mama aliyepoteza mtoto tumboni au wakati wa kuzaa anastahili uangalizi wa pekee. Kristen Swanson, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alijenga nadharia yake ya kujali, aliyoichapisha mwaka 1991, kwa kuwasikiliza wanawake walioharibikiwa na mimba, pamoja na watu wengine. Alitaja mambo matano: kumfahamu mtu alivyo, kuwa pamoja naye, kumfanyia asichoweza kujifanyia, kumwezesha, na kuendelea kuamini kwamba atavuka. Kwa wodi ya Kyela hayo yana sura ya wazi. Usimlaze mama huyu katikati ya wanaonyonyesha. Muulize kama anataka kumwona na kumshika mtoto wake. Mtaje mtoto kama mtoto. Usimwambie "utazaa mwingine" siku hiyo. Mweleze kuhusu maziwa yatakayojaa kifuani, kwa sababu yatajaa hata hivyo na hakuna atakayekuwa amemwandaa.

Mipaka ya uhusiano

Kumjali mgonjwa si kuwa rafiki yake wa pembeni. Kyela ni nchi ya ukarimu. Atakayepona ataleta mchele, ndizi, hata samaki. Kinachopokelewa kabla ya huduma ni rushwa, hata kikiitwa asante. Kikija baada ya huduma, na kikiwa kidogo, kitangaze kwa kiongozi wa wodi na kigawanywe wazi, au mwombe aandike shukrani zake kwenye kitabu cha maoni. Usikope wala usimkopeshe mgonjwa, usiingie naye katika mapenzi, usimlazimishe sala ya dhehebu lako. Yeye ana shida na wewe una uwezo, na uhusiano wa namna hiyo si wa mizani sawa. Ni juu yako kuulinda.

Timiza pia unachoahidi. "Nakuja sasa hivi" ni ahadi. Kama huwezi, sema ukweli: "Nina mgonjwa anayetoka damu, nitakufikia nikimaliza." Mgonjwa anayejua sababu husubiri kwa amani.

Neno kwa viongozi wa wodi

Muuguzi anayefokewa na wakubwa wake, asiyekula tangu asubuhi, anayelaumiwa kwa dawa ambazo hazipo stoo, hatakuwa na upole wa kutosha kumgawia kila mgonjwa. Kule Korogwe, hospitali na jamii walipokaa pamoja kutafuta dawa ya lugha mbaya na dharau, hawakuishia kuwahubiria wakunga. Waliangalia faragha mahali pa kupokelea akina mama, walibandika orodha ya vifaa vilivyokosekana ili lawama isimwangukie mkunga, waliwauliza akina mama maoni wakiondoka, na waliwapa chai watumishi walio zamu. Kutendewa vibaya kulipungua kwa kiasi kikubwa kuliko katika wilaya waliyoilinganisha nayo.

Nanyi viongozi wa Kyela mnaweza kuanza na hayo. Mpokeeni muuguzi mgeni kwa utaratibu, mpeni mwenyeji wa kumweleza desturi za hapa na maneno machache ya Kinyakyusa. Baada ya kifo kizito au usiku mgumu, kaeni na waliokuwa zamu dakika 10, waulizeni wanajisikiaje kabla ya kuuliza nani alikosea. Anayemdhalilisha mgonjwa aonywe faraghani mara ya kwanza, na akirudia, taratibu za kazi na za Baraza la Uuguzi na Ukunga zifuatwe. Kumfumbia macho ni kuwavunja moyo wanaofanya vizuri.

Muuguzi mwenzangu, usijaribu kuyashika haya yote kwa siku moja. Zamu yako ijayo chagua mawili: kumsalimu na kumwita kila mgonjwa kwa jina lake, na kuketi kando ya kitanda cha yule anayekuogopesha zaidi. Yakishakuwa mazoea, ongeza la tatu. Huwezi kuongeza vitanda wala kujaza stoo ya dawa kwa mshahara wako. Lakini jinsi mgonjwa wa Kyela atakavyopokelewa, kusikilizwa na kusitiriwa iko mikononi mwako, na hilo ni deni lako kwake tangu siku ulipovaa sare.